Kamari ya Mtandao: Hila Zake na Hesabu Zake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Kamari ni jambo la kale, na hukumu yake katika dini haina mjadala: imo katika Sura al-Maida, aya ya 90 na ya 91, na kila mtoto aliyepita chuoni ameisikia. Lakini kamari ya zamani ilikuwa na mahali pake. Aliyetaka kuicheza ilimbidi atoke nyumbani, apite njiani, aonekane na jirani, na akae na watu ambao nyuso zao anaziona. Kamari ya leo imo mfukoni. Huchezwa chini ya shuka usiku wa manane, na mke wa mtu aliyelala ubavuni pake hana habari. Kwa sababu hiyo mazungumzo haya hayakukusudia kuirudia hukumu inayojulikana, bali kujibu maswali mawili ambayo vijana huyauliza kila siku na aghalabu hawajibiwi. La kwanza, je, katika kamari hiyo ya mtandao mna udanganyifu? La pili, je, yuko mtu awezaye kuicheza kwa akili asidhurike?

Swali la kwanza lina kisa chake, nacho kilitokea mbali na hapa, katika mchezo wa karata uitwao poka. Katika aina yake inayopendwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani mbele ya wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu moja. Watu huweka dau hatua kwa hatua, na asiyeridhika na karata zake huzitupa akajitoa. Utamu wa mchezo huo na hasara yake vyote vimo katika zile karata mbili zisizoonekana. Mtu anayeziona za wenzake huyo hachezi tena, bali anaokota.

Mchezo huu ulianza kuchezwa kwa fedha katika mtandao mwaka 1998. Hapana meza, hapana karata. Iko kompyuta ya kampuni inayochanganya na kugawa, na wachezaji wamo majumbani mwao, kila mmoja katika nchi yake. Haukupita muda ila wataalamu wa programu huko Marekani wakauliza swali jepesi: kompyuta hiyo huchanganya vipi? Karata 52 zaweza kupangwa kwa njia nyingi kiasi kwamba hesabu yake ni tarakimu 68. Walipoitazama programu iliyotumiwa na baadhi ya makampuni, waliona mwaka 1999 kwamba ilianza kuchanganya kwa kuisoma saa yake: milisekunde zilizopita tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu. Kwa hiyo ule mpango wa tarakimu 68 ulikuwa umesongwa ukaingia katika tundu dogo. Wakailinganisha saa yao na ya kampuni, mipango iliyowezekana ikashuka mpaka kama 200,000. Na mara walipoona karata zao mbili na tatu za kwanza mezani, kompyuta yao iliwaambia karata za kila mtu, na zilizokuwa bado hazijafunuliwa. Watu wale hawakuiba. Walitangaza walichokigundua ili kasoro irekebishwe. Lakini ilikwisha kudhihirika kwamba pazia la siri ni jembamba kuliko watu walivyodhani.

Mwizi wa kweli, hata hivyo, hakutoka nje. Alikuwa ndani ya nyumba.

Mnamo Septemba 2007 kampuni iitwayo Absolute Poker ilifanya mashindano ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 1,000. Mshindi alijiita POTRIPPER, na namna yake ya kucheza iliwashangaza wenzake: aliingia na karata mbovu ambazo mtu mwenye akili angezitupa, akapandisha dau kwa ujasiri, na mara mpinzani aliposhika karata nzuri yeye alijitoa, kama aliyenong'onezwa. Aliyeshika nafasi ya pili akaiomba kampuni kumbukumbu za mchezo. Desturi ya makampuni hayo ni kumpelekea muulizaji karata zake mwenyewe tu. Safari hii faili aliloletewa lilikuwa na karata za wachezaji wote, na anwani za kompyuta zao, na hata majina ya watazamaji waliokuwa wakiangalia meza pasipo kucheza.

Wachezaji wakalikalia faili lile kwa siku nyingi, mstari kwa mstari, kama karani anayetafuta shilingi iliyopotea katika daftari. Wakaona kwamba POTRIPPER alianza kwa kujitoa. Kisha mtazamaji mmoja akaingia mezani, na tangu dakika ile mshindi hakukosea tena. Akaunti ya mtazamaji huyo ilikuwa nambari 363, nambari ndogo mno, ya mwanzo kabisa wa kampuni. Mgeni hawi na nambari kama hiyo. Nyayo zake zilipofuatwa ziliongoza Costa Rica, zilikokuwa shughuli za kampuni yenyewe. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeziona karata zote, na mwenzake aliyezichezea.

Kampuni ilikana kwanza, kama inavyotarajiwa. Mwezi wa Oktoba ikakiri. Leseni yake ilikuwa imetolewa na Tume ya Michezo ya Kahnawake, eneo la watu wa Mohawk karibu na mji wa Montreal huko Kanada. Na Januari 2008 tume hiyo ikaitoza faini ya dola 500,000. Wachezaji walirudishiwa kama dola milioni 1.6.

Watu walidhani yamekwisha. Kumbe kampuni dada, UltimateBet, ilikuwa na donda kubwa zaidi. Huko programu ya kampuni ilikuwa na mlango wa siri uliomwezesha mwenye kuujua kuziona karata za wenzake, na wizi uliendelea kwa miaka kadhaa. Septemba 2008 tume ilimtaja Russell Hamilton kuwa ndiye mhusika mkubwa. Huyu hakuwa mtu wa vichochoroni. Mwaka 1994 alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo huko Las Vegas, akapewa dola milioni moja, na juu yake madini ya fedha ya uzito sawa na mwili wake, kwa kuwa mwaka ule mashindano yalikuwa yakitimiza mara ya 25. Faini ya kampuni ilikuwa dola milioni 1.5, na fedha zilizorudishwa kwa wachezaji zilikaribia dola milioni 22.

Jambo moja katika visa hivi viwili linastahili kutazamwa vizuri. Waliomgundua mwizi hawakuwa polisi, wala wakaguzi, wala tume iliyotoa leseni. Walikuwa wachezaji, waliokaa wakahesabu ushindi wa akaunti fulani na kuona kwamba bahati haiwezi kumpenda mtu kiasi kile. Ni kazi ya subira na akili kubwa, na inasikitisha kwamba ilitumika mahali pale. Leseni ilikuwapo ukutani muda wote ule. Kijana wa hapa anaposema, “Kampuni hii ina leseni,” na akatulia, na akumbuke kwamba hata wale walikuwa nayo.

Iko hila ya tatu, isiyohitaji mlango wa siri. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Marekani waliyafungia makampuni makubwa ya poka. Ndipo ilipojulikana kwamba mojawapo, Full Tilt Poker, ilikuwa ikidaiwa na wachezaji wake kiasi cha dola milioni 390, ilhali benki ilikuwa na kama dola milioni 60 tu. Kila mchezaji alikuwa akifungua akaunti yake na kuziona fedha zake zimeandikwa pale, kamili, na fedha zenyewe zilikwisha kutumika. Waliokuwa na fedha zao Absolute Poker walingoja mpaka mwaka 2017 ndipo wakaanza kulipwa, tena kwa mkono wa serikali ya Marekani. Tarakimu iliyomo katika simu si mali.

Basi swali la kwanza limejibiwa: ndiyo, udanganyifu umo. Lakini hapa ndipo wazee wengi wanapokosea katika kuwaonya watoto wao. Husema, “Mwanangu, hao ni wezi,” wakadhani wamemaliza. Kijana huenda akatafuta kampuni isiyoiba, na huenda akaipata. Makampuni mengi ya leo hayana haja ya kumwibia mtu. Hesabu inawatosha.

Chukua ule mkeka wa mechi kumi. Tuseme kila mechi ina pande mbili zilizo sawa kabisa, kama sarafu inayorushwa. Malipo ya haki katika kila mechi yangekuwa mara 2 ya dau. Kampuni hulipa, tuseme, mara 1.9, tofauti hiyo haimshtui mtu. Lakini mechi kumi huzidishana. Kwa haki, atakayezipata zote angelipwa mara 1,024, kwa sababu katika watu 1,024 ni mmoja tu awezaye kutarajiwa kuzipata. Kwa malipo ya 1.9 analipwa mara 613. Watu 1,024 wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, kampuni imekusanya shilingi 1,024,000. Inampa mshindi wake 613,000, inapiga picha yake akicheka, inaibandika ukutani, na 411,000 zimebaki ndani. Hakuna aliyeziona karata za mtu. Hakuna uongo uliosemwa. Na picha ile ya mshindi ni ya kweli.

Au ule mchezo wa ndege inayopaa, ambao mchezaji hutakiwa atoe fedha zake kabla ndege haijatoweka. Wenye mchezo wenyewe wametangaza kwamba hurudisha kwa wastani 97 katika kila 100. Kijana husikia 97 akaona ni karibu na mia. Tuseme ana shilingi 20,000, naye huweka 2,000 kila raundi. Raundi moja hupita upesi, na raundi 100 huisha jioni moja. Katika raundi hizo 100 ameweka jumla ya shilingi 200,000, mara kumi ya alichokuwa nacho, kwa kuwa kinachorudi hukiweka tena. Zile 3 katika 100 hazikatwi katika 20,000; hukatwa katika 200,000, nazo ni shilingi 6,000. Huo ni wastani tu. Mwenye bahati hupoteza kidogo au akaongeza, na asiye nayo huondoka mikono mitupu kabla ya isha. Kesho wote wawili hurudi, na hesabu inawangoja.

Wapo wanaojiona wamegundua dawa: ukipoteza, rudufisha dau, na ukipoteza tena, rudufisha tena, kwani siku moja utapata na hasara yote itarudi. Anayeanza na shilingi 500 na akakosa mara kumi mfululizo atakuwa ametoa shilingi 511,500, na alichokuwa akikitafuta ni faida ya shilingi 500. Kukosa mara kumi mfululizo huonekana muhali kwa anayecheza mara moja. Kwa anayecheza kila siku, siku hiyo iko njiani.

Panapo hasara hutokea mganga. Katika simu za vijana hujaa watu wanaouza “mechi zilizopangwa” na programu za kutabiri ile ndege itapaa mpaka wapi. Hiyo ya ndege ni uongo mtupu, kwa kuwa matokeo ya kila raundi hufanywa kwa kuchanganya namba ya siri ya kampuni na namba za wachezaji watatu wa kwanza walioingia raundi hiyo. Kabla ya hapo matokeo hayapo popote pa kuchunguliwa. Ya mechi ni hila ya zamani iliyovaa kanzu mpya. Mwenye hila huwaandikia watu 1,600. Nusu huwaambia timu fulani itashinda, na nusu huwaambia haitashinda. Mechi ikiisha, 800 wameambiwa kweli. Wale wengine huwaacha. Wale 800 huwagawa tena. Wanabaki 400, kisha 200, kisha 100, kisha 50. Watu hao 50 wamemwona mtu akisema kweli mara tano bila kukosea hata moja, naye hajui mpira. Ndipo anapowaomba fedha, nao humpa, wakamshukuru. Ukiwaambia ni mwongo hukasirika, maana wameona kwa macho yao.

Swali la pili ni la kucheza kwa akili. Makampuni yenyewe huwausia wachezaji: jiwekee kiasi, jiwekee muda, usikope, usikimbilie kurudisha ulichopoteza. Ni wasia wenye maana, na mtu aliyekwisha kutumbukia, ukampunguzia hasara mpaka atoke, hafanyi vibaya kuushika. Ila inafaa kuulizwa, ni nani analipia nyumba za makampuni hayo? Mtu mwenye akili akiweka shilingi 1,000 kwa mwezi na asizidishe hapo, hawajengei ghorofa. Katika nchi zilizochunguza jambo hili, Uingereza ikiwa mojawapo, imeonekana kwamba sehemu kubwa ya mapato hutoka kwa wachache wanaopoteza sana. Anayewausia watu wacheze kwa akili ndiye anayeishi kwa wale walioshindwa kuucheza hivyo.

Zaidi ya hayo, hapa Uganda sheria ya mwaka 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kamari imeweka umri wa miaka 25. Kijana wa miaka 19 anayecheza kwa simu, basi, anacheza kwa laini iliyoandikishwa kwa jina la baba, au la mjomba, au la kaka yake. Akinyimwa ushindi wake atashtaki wapi, na kwa jina la nani? Akishtaki, amejishtaki mwenyewe na mwenye laini. Wazee wengi walioko hapa hawana habari kwamba majina yao yamekwisha kuingia katika daftari za kamari.

Wengine hutaja wema wa makampuni: hudhamini timu za mpira, hutoa misaada. Wema huo si mpya. Waarabu wa zama za ujahiliya walipocheza maisir walichinja ngamia, wakazipigia kura sehemu za nyama kwa mishale, na mshindi aliona fahari kuwapa maskini nyama ile. Maskini walishiba kweli. Qur'ani, katika Sura al-Baqara aya ya 219, haikukana kwamba yamo manufaa. Ilieleza kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na aya ya al-Maida inataja chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na sala. Aliyepata kuketi katika nyumba ambayo karo ya watoto imepotea usiku mmoja haihitaji tafsiri ndefu ya hiyo chuki.

Limebaki jambo la nyumbani, nalo huenda ndilo lenye haja kubwa kuliko yote yaliyotangulia.

Mchezaji aliyezidiwa hasemi. Dalili huonekana kwanza katika vitu vidogo: simu haiwekwi tena mezani, pikipiki ya bodaboda ina mafuta ya nusu siku, ada ya chama cha mazishi imechelewa miezi miwili, mtu aliyekuwa mpole huwa mkali kila anapoulizwa habari za fedha. Siku atakayosema, aghalabu atamwendea mama kwanza, au ami yake, na aghalabu atataja nusu ya deni. Hapo wazee hufanya moja katika mambo mawili. Ama humfokea mbele ya wadogo zake mpaka akajuta kusema, ama humlipia deni lote siku ile ile na kumkabidhi fedha mkononi. La kwanza humfunga mdomo. La pili humpa dau jipya, kwani moyo wake bado unamwambia kwamba fedha zilizopotea zinaweza kurudi kwa njia ile ile zilizoendea, na usiku ule ule hujaribu.

Lililo bora ni kumketisha faraghani na kumwuliza kwa upole, si amepoteza kiasi gani, bali nani anamdai. Kilichopotea kimepotea. Lakini mikopo ya simu huongezeka kila siku inapolala, na ndiyo inayowasukuma vijana kwenye vitendo ambavyo hawakuvifikiria. Majina ya wadai yaandikwe katika karatasi, yote, na nusu iliyofichwa iulizwe tena siku ya pili. Mdai alipwe mkononi mwake na mzee mwenyewe, risiti ichukuliwe. Mshahara au mapato ya kijana yapitie kwa mtu mwingine anayemwamini kwa miezi michache, kwa ridhaa yake, na laini ya simu iwe ya kupigia tu. Aiandikie kampuni kuomba akaunti yake ifungwe. Wale wauza mechi wafutwe katika simu, kwani hao humrudia mtu hata baada ya mwaka.

Na ikiwa laini ni ya baba, baba mwenyewe na aende akaulize ina nini.

Wabillahi taufiki.